Masharubu ya Farasi: Tuyakate au Tuyaache?

Katika sura iliyopita ulijifunza juu ya milango mitano ya fahamu, yaani macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ulijifunza kwamba ngozi ndiyo mlango wa kugusa, na kwamba ncha za vidole vyako hutambua mambo mengi zaidi kuliko ngozi ya mgongo wako. Katika somo hili tutaendelea na habari za kugusa, lakini safari hii hatutamchunguza mtu. Tutamchunguza farasi, na hasa zile nywele ndefu zinazoota kuzunguka midomo yake, pua yake na macho yake. Nywele hizo huitwa masharubu.

Huenda hujapata kumwona farasi kwa macho yako. Katika sehemu nyingi za Afrika ya Mashariki farasi ni wachache, kwa sababu tangu zamani wengi wao wamekufa kwa maradhi yanayoenezwa na mbung'o na wadudu wengine wanaouma. Hata hivyo wapo. Nairobi kuna uwanja wa mashindano ya farasi katika barabara ya Ngong, na Dar es Salaam kuna farasi wa polisi. Tena, kama kwenu hakuna farasi, huenda yupo punda, na punda ni ndugu wa karibu wa farasi. Mambo utakayosoma hapa juu ya masharubu ya farasi, mengi yake waweza kuyachunguza katika uso wa punda anayechota maji kijijini kwenu, au anayebeba mizigo katika vichochoro vya Lamu.

Kumsafisha farasi

Mtu anayemtunza farasi huitwa saisi. Kila siku saisi humsafisha farasi wake, na kazi hiyo si ya urembo tu. Kwanza husugua mwili kwa chanuo la mpira, huku akizungusha mkono, ili matope makavu, vumbi na manyoya yaliyokufa yatoke. Kisha hupiga brashi kwa kufuata upande ambako manyoya yamelala. Huinua miguu, mmoja baada ya mwingine, akachokoa mawe na samadi iliyokwama katika kwato. Wakati wote huo macho yake na mikono yake hutafuta: kupe, kidonda, uvimbe, au mahali penye joto kuliko kawaida. Mchubuko mdogo ukionekana leo mahali yanapokaa matandiko, farasi hupumzishwa, nao hupona. Ukifichwa na matope kwa juma zima, huwa donda.

Baada ya mwili huja uso. Uso hausuguliwi kwa chanuo, kwa maana mifupa yake iko karibu sana na ngozi. Brashi laini, au kitambaa kilicholowanishwa kwa maji safi, hutosha.

Hapa ndipo swali letu linapozuka. Katika nchi ambako farasi wengi hupelekwa kwenye maonyesho na mashindano, kama vile Uingereza na Marekani, palikuwapo desturi ya miaka mingi. Kabla ya siku ya maonyesho, mtunzaji alichukua mkasi au mashine ya kunyolea, akayakata masharubu yote ya farasi mpaka mdomo ukabaki hauna kitu. Uso wa namna hiyo ulihesabiwa kuwa nadhifu. Wako watu wanaofanya hivyo hata leo.

Je, ni vema kufanya hivyo? Tusijibu upesi. Mwanasayansi akitaka kujua kama kiungo fulani cha mnyama chaweza kuondolewa, huuliza kwanza kiungo hicho kina kazi gani.

Nywele zote si sawa

Katika Kiswahili twaziita masharubu nywele zinazoota juu ya mdomo wa mwanamume. Tena twaziita masharubu nywele za usoni mwa paka, panya na farasi. Jina ni moja, lakini vitu ni viwili mbalimbali. Masharubu ya baba yako ni nywele za kawaida kama zile za kichwani. Akiyanyoa asubuhi, hapotezi fahamu yo yote. Chakula atakiona vile vile, na kikombe atakifikisha kinywani bila kukosea. Nadhani jina hili moja ndilo lililowafanya watu wengi wadhani kwamba kumnyoa farasi ni kama kumnyoa mtu.

Masharubu ya farasi ni nywele za aina nyingine. Ni marefu kuliko manyoya ya mwili, ni manene zaidi, na ni magumu kidogo. Hayakuota kwa msongamano kama manyoya. Yametawanyika, moja huku na jingine kule, katika mdomo wa juu, mdomo wa chini, kidevu na kando ya pua. Mengine machache yameota juu ya jicho na chini yake. Watu wengi huyasahau haya ya karibu na macho, au huyadhani kuwa kope. Si kope. Kope zimeota katika ukingo wa ukope, bali masharubu yameota mbali kidogo na jicho, nayo yametokeza nje.

Tofauti kubwa zaidi haionekani kwa nje, kwa kuwa imo chini ya ngozi. Mzizi wa sharubu umo ndani ya kifuko kirefu kilichozama chini zaidi kuliko mizizi ya manyoya ya kawaida. Ndani ya kuta za kifuko hicho mna nafasi iliyojaa damu, na humo zimejipanga ncha nyingi za mishipa ya fahamu. Sharubu likigusa kitu kwa nje, hupinda au husogea. Mzizi nao husogea ndani ya kifuko. Damu iliyouzunguka husukumwa, zile ncha za mishipa ya fahamu husisimka, na habari hupelekwa mara moja kwenye ubongo. Farasi hujua kwamba kuna kitu, hujua kiko upande gani, na hujua kama kitu hicho kinasogea au kimetulia.

Mwaka 1970 wanasayansi wawili, Thomas Woolsey na Hendrik Van der Loos, walieleza jambo la ajabu walilolikuta katika ubongo wa panya wadogo. Waliona kwamba katika sehemu ya ubongo inayopokea habari za kugusa, kila sharubu kubwa la panya lina kikundi chake maalumu cha chembe hai. Vikundi hivyo vimejipanga kwa safu, kama masharubu yenyewe yalivyojipanga usoni. Basi panya hana budi kuwa na nafasi kubwa katika ubongo wake kwa ajili ya nywele hizi chache. Mwili wa mnyama haupotezi nafasi ya ubongo kwa kitu cha urembo.

Panya na farasi hata hivyo hawatumii masharubu yao kwa namna moja. Panya huyachezesha mbele na nyuma upesi sana anapotembea gizani, mara nyingi katika sekunde moja. Farasi hawezi kuyachezesha hivyo. Yeye husogeza mdomo wake wenyewe, nao ni mdomo mwepesi ajabu, na masharubu huenda pamoja nao.

Jaribio la 1

Wewe huna masharubu kama ya farasi, lakini waweza kujua jinsi unywele unavyoweza kupeleka habari. Kaa na mwenzako. Fumba macho na unyoshe mkono wako juu ya dawati. Mwenzako achukue ncha ya kalamu na kuugusa unywele mmoja wa mkono wako, polepole, bila kuigusa ngozi. Ukisikia kitu, sema. Je, ulisikia? Sasa mwenzako akate unywele mmoja kwa mkasi mdogo, kwa uangalifu. Je, uliumia?

Bila shaka uligundua mambo mawili. Uliposukumwa unywele ulisikia, japokuwa ngozi haikuguswa. Ulipokatwa unywele hukuumia. Unywele wenyewe hauna damu wala mshipa wa fahamu. Ni mfu kama ncha ya ukucha inayotokeza nje ya kidole. Kilicho hai ni mzizi. Unywele ni fimbo tu ambayo mzizi huitumia kujua yaliyo nje.

Jambo hili la pili limewadanganya watu wengi. Saisi anapoyakata masharubu, farasi hatikisiki wala halii, ila labda mlio wa mashine umtie hofu. Basi saisi husema, "Haumii, kwa hiyo hakuna ubaya." Lakini fikiri kidogo. Mtu kipofu haumii ukiivunja fimbo yake.

Mahali farasi asipoona

Huenda utauliza: farasi ana macho makubwa, ya nini kuwa na fimbo? Ni kweli kwamba macho ya farasi ni makubwa kupita ya wanyama wengi wa nchi kavu. Yamekaa pande mbili za kichwa, na kwa sababu hiyo farasi huona karibu pande zote bila kugeuza shingo. Mnyama alaye majani, ambaye simba na chui humvizia, hufaidika sana kwa macho ya namna hiyo.

Lakini macho yaliyokaa kando yana upungufu wake. Farasi haoni nyuma kabisa ya mkia wake. Ndiyo sababu tunaonywa tusimwendee farasi au punda kwa nyuma, asije akashtuka na kupiga teke. Tena haoni mahali palipo mbele kabisa ya paji la uso wake, wala palipo chini ya pua yake. Tazama tena kichwa cha punda au farasi. Macho yako juu, midomo iko chini kabisa, na pua ndefu iko katikati. Farasi anapoinama kula, midomo yake inafanya kazi mahali ambapo macho yake hayafiki. Hayaoni majani anayoyauma.

Hebu linganisha na wewe. Unapokula ugali, wauona mkono wako, waiona tonge, waiona mboga. Ukiona mfupa wa samaki, wauondoa. Farasi naye hana mikono. Lazima midomo yake itambue lipi ni jani na lipi ni mwiba, ipi ni nafaka na ipi ni changarawe, na aitambue hivyo katika giza la daima lililo chini ya pua yake. Hutumia harufu, hutumia ngozi laini ya midomo, na hutumia masharubu, ambayo hufika kwanza kabla ngozi haijafika.

Watunzaji wa farasi wanajua ustadi huu kwa njia ya kuchekesha. Saisi huchanganya vidonge vya dawa katika pumba na nafaka, akaweka katika hori, akaenda zake. Akirudi hukuta hori ni tupu, nafaka yote imeliwa, na vidonge vimebaki chini vimekaa kama vilivyokuwa.

Jaribio la 2

Kwa jaribio hili mtahitaji njiti mbili za ufagio wa makuti, uzi, kikombe, rula na kitambaa cha kufungia macho. Kama hapana njiti za makuti, tumieni vijiti vyembamba vya aina nyingine. Kateni njiti moja iwe na urefu wa sentimita 15, na ya pili iwe na urefu wa sentimita 2. Mwenye kufungwa macho akae, na wengine wasiweke nyuso zao karibu na njiti, ili mtu asichomwe jichoni.

Mwenzako aliyefungwa macho ashike njiti ndefu kwa vidole viwili, kwa wepesi, akiishika karibu na mwisho wake. Wewe weka kikombe mbele yake juu ya meza, mahali asipopajua. Aupeleke mkono wake mbele polepole, na mara anaposikia njiti imegusa kitu aseme, "Basi!" na kusimamisha mkono. Pima kwa rula umbali uliobaki kati ya vidole vyake na kikombe. Hamisha kikombe, mfanye tena mara nne. Sasa ashike njiti fupi, na mfanye vile vile mara tano. Andika vipimo vyote katika daftari yako.

Mwisho kateni uzi wenye urefu wa sentimita 15. Ashike uzi badala ya njiti, na mfanye tena. Je, uzi ulimpa habari gani?

Katika darasa lenu vipimo vitahitilafiana kidogo, kwa maana watu hawaendi kwa mwendo mmoja. Lakini mtaona kwamba njiti ndefu ilileta habari kikombe kikiwa bado mbali, hata mkono ukapata nafasi ya kusimama. Njiti fupi ilileta habari kwa kuchelewa, na mara nyingine vidole vilikigonga kikombe. Uzi, ingawa ulikuwa na urefu ule ule wa njiti ndefu, haukuleta habari nzuri, kwa sababu ulilegea. Sasa waelewa kwa nini masharubu ya farasi hayana budi kuwa marefu na pia magumu. Waelewa pia kinachobaki baada ya mkasi kupita. Mizizi ingali hai, ngozi ingali nzuri, lakini fimbo imekuwa fupi kama njiti ile ya pili.

Macho, giza na mtoto wa farasi

Masharubu yaliyo karibu na macho yana kazi ya ulinzi. Yakiguswa, farasi hufumba jicho au huvuta kichwa nyuma. Jicho la farasi limetokeza nje kando ya kichwa, na kwa hiyo huumia kwa urahisi. Mwiba, tawi kavu, msumari uliotokeza katika ubao wa banda, ncha ya waya wa uzio: kila kimoja cha hivi chaweza kulitoboa. Mchana macho yenyewe huviona vingi. Usiku katika banda lenye giza, sharubu ndilo litakalokutana na msumari kwanza. Waganga wa mifugo huhesabu jeraha la jicho la farasi kuwa jambo la haraka sana, kwa kuwa farasi aweza kupofuka akicheleweshwa.

Mtoto wa farasi naye huzaliwa akiwa na masharubu tayari, baada ya kukaa tumboni kwa muda wa miezi 11 hivi. Kwa kweli masharubu huota kabla ya manyoya ya mwili, wakati mtoto angali tumboni mwa mama yake. Baada ya kuzaliwa husimama kwa miguu inayotetemeka, na kuanza kutafuta chuchu chini ya tumbo la mama. Hajui bado kutumia macho yake vizuri. Hupapasa kwa mdomo, huku na huku, mpaka apate.

Sababu za wanaokata

Ni haki tuwasikilize pia wale wanaoyakata, kwa maana wengi wao si watu wakatili. Ni watu wanaoamka alfajiri kuwalisha farasi wao kabla hawajala wenyewe.

Wengine husema kwamba masharubu yataota tena. Ni kweli, huota tena, lakini si kwa siku moja. Huchukua majuma mengi kufikia urefu wake. Na farasi wa maonyesho, ambaye hupelekwa uwanjani mara kwa mara, hukatwa tena kabla hayajafika. Farasi huyo aweza kuishi miaka mingi bila kuwa na masharubu kamili hata siku moja.

Wengine husema, "Farasi wangu nilimkata, na anakula vizuri." Hili nalo laweza kuwa kweli. Farasi anayekaa katika banda lake mwenyewe, anayekula katika hori ile ile kila siku, chakula kile kile kilichosafishwa na mtu, amekwisha kuzoea kila pembe. Mtu kipofu naye hutembea nyumbani kwake bila fimbo. Mtoe nje umpeleke mahali pageni, ndipo utakapojua thamani ya fimbo. Na farasi wa maonyesho hupelekwa wapi? Hupakiwa katika gari, hulazwa katika banda asilolijua, hunyweshwa kwa ndoo asiyoizoea. Yaani hukatwa masharubu hasa wakati anapoyahitaji zaidi.

Wengine husema ni usafi. Hapa jibu ni fupi. Mdomo wenye matope huoshwa.

Basi upande mmoja wa mizani yetu pana uso ulio mwororo kwa siku ya maonyesho, na faida hiyo ni ya mtu anayetazama. Upande wa pili pana mlango wa fahamu, na hasara yake ni ya farasi. Mwandishi wa somo hili haoni shida kuamua mizani imelalia wapi.

Serikali na vyama vya michezo navyo vimeamua. Ujerumani ilikataza kwa sheria kuyakata masharubu ya farasi mwaka 1998. Uswisi ikafanya hivyo mwaka 2014. Kisha lile shirikisho la kimataifa linalosimamia michezo ya farasi, ambalo lilianzishwa mwaka 1921 na makao yake makuu yako mjini Lausanne katika nchi ya Uswisi, liliweka kanuni mpya. Tangu tarehe 1 Julai, 2021, farasi aliyekatwa au kunyolewa masharubu haruhusiwi kushindana katika mashindano ya shirikisho hilo. Mganga wa mifugo peke yake ndiye aliyeachiwa nafasi: akiona sharubu fulani linamletea farasi maumivu, au akitaka kusafisha mahali ili atibu jeraha, aweza kuliondoa.

Angalia vizuri kanuni hiyo. Haisemi kwamba masharubu hayaguswi kamwe. Yasema kwamba sababu ya kuyagusa iwe ni afya ya farasi mwenyewe.

Punda wenu siku ya Nane Nane

Sasa tuseme kwamba wewe ndiwe mtunzaji. Tarehe 8 Agosti ni siku ya wakulima nchini Tanzania, na wazazi wako wanataka kumpeleka punda wao kwenye maonyesho ya mifugo. Jana yake unapewa kazi ya kumsafisha. Mwenzako amekuja kukusaidia, naye ameleta mkasi. Utafanya nini?

Mfunge punda kwa kamba mahali penye kivuli, mtu mzima akiwapo. Mwendee kwa ubavuni, ukimsemesha ili ajue ulipo. Msugue matope, umpige brashi, umtoe kupe, umchokoe kwato. Chunguza mgongo mahali panapokaa mzigo, na mabega mahali panapokaa hatamu za mkokoteni. Ukiona mchubuko, wajulishe wazazi wako hata kama itamaanisha punda abaki nyumbani. Mkasi waweza kuutumia kwa ncha ya mkia, ikiwa manyoya yake yanaburura matopeni. Punguza kidogo tu, kwa maana mkia ndio ufagio wake wa kufukuzia nzi. Nywele za ndani ya masikio usizikate, kwa kuwa huzuia vumbi na wadudu wasiingie. Uso upanguse kwa kitambaa chenye maji. Pangusa kuzunguka masharubu polepole, wala usiyavute. Kuyakata hakuumi, lakini kuyavuta kunauma, kwa sababu mzizi ni hai.

Mwenzako akiuliza kwa nini mdomo umeachwa vile, mpe njiti mbili na kitambaa cha macho.

Maswali

1. Taja tofauti tatu kati ya sharubu la farasi na unywele wa kawaida wa mwili wake. Ni ipi kati ya hizo isiyoonekana kwa nje?

2. Eleza kwa maneno yako mwenyewe yanayotokea, hatua kwa hatua, tangu sharubu linapogusa ukuta mpaka farasi anapojua kwamba kuna ukuta.

3. Chora kichwa cha farasi au punda kwa upande. Onyesha kwa kivuli mahali asipopaona. Onyesha kwa nukta mahali masharubu yanapoota. Waona nini?

4. Katika jaribio la 2, kwa nini tulifanya mara tano badala ya mara moja? Kwa nini tulitumia uzi wenye urefu ule ule wa njiti ndefu?

5. Mtu mmoja asema, "Nimekata masharubu ya farasi wangu naye hakulia, kwa hiyo masharubu hayana kazi." Kosa liko wapi katika maneno yake?

6. Paka ana masharubu usoni, na pia ana machache nyuma ya miguu yake ya mbele, karibu na mahali ambapo wewe una kifundo cha mkono. Mchunguze paka mpole wa nyumbani uyatafute, bila kumuumiza. Ukikumbuka jinsi paka anavyokamata panya, wadhani masharubu hayo ya miguuni humsaidia katika nini?

7. Pamoja na mwalimu wenu, mtembeleeni mtu afugaye punda, mbuzi au ng'ombe. Mwombeni ruhusa kwanza. Simameni mahali salama, mtazame mnyama anapokula kwa dakika 10. Andikeni kitu anachokigusa kwanza, kile anachokula, na kile anachokiacha.